Kilio Kisichohesabiwa

Mratibu alikuwa na sauti nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi Nesi Ikupa kuliko mengine yote. Angekuwa na sauti ya kukwaruza, au ya dharau kama ya makarani wa zamani, mtu angejua namna ya kumjibu. Lakini alizungumza kama mjomba mpole aliyekuja kusalimia. Alikaa sikioni mwake, mashine isiyochoka, tangu asubuhi mpaka jioni, akimpangia nyumba ya kwenda, mtoto wa kumwona, dawa ya kuongeza na dawa ya kupunguza, na kila alipomaliza alimshukuru.

Asubuhi hiyo Ikupa alikuwa nyumbani kwa Mama Atupele, juu kabisa ya kata ya Ndumbati, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Atupele, binti wa miaka mitano, alikaa kwenye kigoda karibu na moto, blanketi mabegani, midomo yake ina rangi ya zambarau iliyoiva. Chini ya ngozi ya kifua chake kulikuwa na kitufe kidogo kuliko punje ya hindi. Kila mtoto wa moyo nchini alikuwa nacho. Kitufe kilisinzia muda mwingi ili kutunza nguvu zake, kikaamka kwa mambo mawili tu: mtoto anapobadilika ghafla, na kipimo cha asubuhi. Kipimo cha asubuhi ndicho kilichompangia mtoto nafasi yake kwenye foleni ya upasuaji: oksijeni ikiwa chini, yeye anakuwa juu.

"Tayari, nesi?" Mama Atupele aliuliza.

"Tayari."

Mama akapenyeza mkono chini ya blanketi, akamfinya mwanawe pajani, akazungusha vidole kama anayefungua kifuniko kigumu. Atupele hakushangaa. Alilia kwa sababu ilikuwa saa ya kulia, na alipolia midomo ikakolea kidogo. Moyo wake ulikuwa na tundu kati ya vyumba viwili, na njia ya damu kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba. Mtoto wa namna hiyo akilia, ile njia hujibana zaidi, na damu isiyo na hewa hukata kona kupitia kwenye tundu na kwenda zake mwilini. Kila nesi wa watoto wa moyo anajua hivyo. Ndiyo maana kila nesi wa watoto wa moyo hufundishwa kumbembeleza mtoto kabla ya kumpima, na ndiyo maana Ikupa alijua vizuri sana kinachotokea asipobembelezwa.

"Oksijeni sabini na moja," alisema Mratibu. "Atupele anabaki nafasi ya pili. Kitanda chake cha Alhamisi kimethibitishwa. Asante, Nesi Ikupa, kwa uangalifu wako."

Ikupa akamkunja Atupele magoti mpaka kifuani, akamkumbatia hivyo mpaka kilio kikakatika. Alipomwambia mama matokeo, Mama Atupele akaweka kiganja kinywani kuzuia cheko la furaha. Alhamisi. Sweta jipya la safari lilikuwa tayari limetundikwa mlangoni.

Ikupa hakuwa mwongo kwa hulka. Miaka ya mwanzo ya Mratibu alimsifia kuliko mtu yeyote. Zamani mtoto alikuwa na nesi huku, daktari kule, dawa kwingine, na hakuna aliyejua mwenzake kafanya nini. Mratibu aliwaunganisha wote, akahakikisha mtoto akihara Ndumbati, daktari wa mjini anapunguza dawa siku hiyo hiyo. Watoto waliokuwa wakifa kwa kusahauliwa waliacha kufa. Lakini vitanda vya upasuaji havikuongezeka, foleni ilikuwa moja kwa nchi nzima, na Ikupa akaanza kuzika watoto ambao namba zao zilikuwa nzuri. Wa kwanza alimlilia. Wa pili alimpigia Mratibu kelele, naye akamshukuru kwa maoni yake. Baada ya wa tatu, Atupele akalia kwa bahati mbaya wakati wa kipimo, kisa paka kamparua, na kesho yake akapanda foleni nafasi nyingi. Ikupa aliona, akanyamaza, kisha akawafundisha akina mama.

Wao wenyewe wakakiita kitendo hicho kumwamsha mtoto. Ukipita vilima vya Ndumbati asubuhi, baada ya moto kuwashwa na kabla uji haujaiva, ungewasikia watoto wakiamshwa nyumba moja baada ya nyingine. Wageni walidhani ni watoto wadekezi. Mama mmoja tu ndiye aliyekataa, Mama Gwamaka, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache. "Nesi, mimi siwezi kumliza mwanangu kwa makusudi," alimwambia Ikupa. "Kama ni kusubiri, tutasubiri." Ikupa alimwona mjinga kidogo, akamsikitikia.

Alipotoka kwa Mama Atupele, Mratibu akampa nyumba inayofuata.

"Gwamaka, miaka mitatu. Amelia, na oksijeni imeshuka. Ni hali ya kawaida katika eneo lenu. Si haraka."

"Imeshuka kiasi gani?"

"Ndani ya kiwango cha kawaida cha kilio cha asubuhi Ndumbati. Si haraka, Nesi Ikupa. Unaweza kupumzika. Umetembea sana leo."

Akapumzika. Aliketi kibarazani kwa mama mmoja muuza viazi, akanywa chai ya rangi yenye tangawizi, akapiga soga kuhusu bei ya mbolea na harusi ya mtoto wa mchungaji. Alikuwa na furaha. Alikuwa amempatia mtoto kitanda. Chai ilipoisha alishuka polepole akiikwepa miteremko yenye utelezi, na alipofika uwanja wa nyumba ya kina Gwamaka alimkuta Mama Gwamaka amekaa chini mlangoni, miguu imenyooka mbele, mtoto yuko mapajani, uji umemwagika umekauka juu ya nguo zao wote wawili.

"Aliudondosha uji wake akalia," alisema Mama Gwamaka. "Akalia tu. Nikamkunja magoti kama ulivyonifundisha. Nikamkunja, nesi. Nikasema hiki kitufe kimesikia, sasa hivi chopa ya hospitali inakuja."

Ikupa alipiga magoti. Alifanya yote aliyofundishwa kufanya, kwa muda mrefu kuliko alivyofundishwa, na alijua tangu alipomgusa kuwa mtoto ameshaanza kupoa. Mratibu alimpa pole.

*

Msiba wa mtoto hauna kelele nyingi huko juu. Wanaume walikaa nje kuzunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka, na sufuria kubwa ya maharage ikachemka nyuma ya nyumba. Siku moja baada ya mazishi likaja gari la wizara likiwa limejaa tope, akashuka mwanamke mfupi wa makamo aliyejifunga khanga juu ya suruali yake kabla hata hajasalimia mtu. Alikuwa Daktari Nyamizi, mkaguzi wa vifo. Kila mtoto aliyekufa akiwa na kitufe kifuani, ilibidi binadamu mmoja aje aulize kwa nini.

Aliingia ndani, akaketi mkekani, akalia na wafiwa kwa adabu. Ikupa alikuwa pembeni ya Mama Gwamaka, akimshikia kikombe cha maji ambacho hakikunywewa.

"Ndaga, nesi," Mama Gwamaka alimshukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti iliyokwisha. "Wewe ulinipa akili, mimi nikakataa. Ningekuwa nimemwamsha kama wenzangu wanavyowaamsha watoto wao, wangejua kuwa ni mgonjwa kweli. Wangekuja kumchukua. Nilimwonea huruma ya kijinga."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje? Nilimwogopea kidole, nimemzika mzima."

Ikupa alitaka ardhi imchukue. Hakujua bado kilichotokea, hakuwa na uhakika, lakini alikuwa ameshaanza kujua. Aliinuka akasema anakwenda kuangalia maharage.

Daktari Nyamizi alimfuata jikoni. Walisimama kwenye moshi, kila mmoja akifikicha macho, na hiyo ikawasaidia wote wawili.

"Nesi Ikupa, wewe ni mkubwa kwangu, shikamoo," alisema daktari. "Nina swali dogo. Mbona watoto wa Ndumbati wanalia sana asubuhi?"

"Marahaba. Watoto gani hawalii?"

"Wa kwingine wanalia mara moja moja. Hawa wanalia kila siku, wakati wa kipimo, karibu wote." Alitoa kishikwambi chake, akamwonyesha mstari uliopanda na kushuka kama vilima vya nje. "Unajua Mratibu anavyofikiri? Hafikirii. Anazoea. Mara ya kwanza mtoto wa hapa alipolia na oksijeni ikashuka, aliita chopa. Ikafika, ikamkuta mtoto anakula ndizi. Mara ya pili hivyo hivyo. Akaanza kusubiri kidogo, kuona kama itapanda yenyewe, na kila mara ikapanda. Mwezi baada ya mwezi. Mwisho akajiandikia kanuni ambayo hakuna mtu aliyemwandikia: Ndumbati mtoto akilia asubuhi, midomo ikawa myeusi, si kitu. Gwamaka alipolia kweli, Mratibu alimsikia vizuri kabisa. Alimhesabu pamoja na wengine."

Ikupa alizungusha mwiko kwenye maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Mbona kwenye foleni aliwapandisha?" aliuliza, na papo hapo akatamani kuumeza ulimi wake.

Daktari Nyamizi hakuonyesha kama ameshtuka. "Foleni na dharura ni vichwa viwili tofauti vya mnyama mmoja. Kimoja kinasoma namba ya asubuhi, kingine kinasikiliza mabadiliko. Havizungumzi kimoja na kingine. Hilo ni kosa letu sisi, nitaliandika." Alikohoa moshi. "Lakini lazima niandike na chanzo cha kilio. Nina majibu mawili. La kwanza ni baridi. Huku juu kuna baridi, mtoto anafunuliwa kifua, analia. Nikiandika baridi, kanuni inabaki na inasambazwa kwa vijiji vyote vya milimani, maana baridi iko kote. La pili ni mkono wa mtu. Nikiandika mkono wa mtu, kanuni inafutwa leo leo, mtoto akibadilika chopa inaruka. Ila na vipimo vyote vya asubuhi vinafutwa. Foleni inapangwa upya."

"Na mtoto ambaye ameshapewa kitanda?"

"Kitanda kinakwenda kwa anayefuata ambaye vipimo vyake ni safi."

Mtu mmoja nje aliita aletewe kuni.

"Nafunga taarifa jioni," alisema daktari. "Ikishafungwa, kuifungua ni kazi ya mwaka. Kabla ya huu ukaguzi nilikuwa daktari wa watoto, wodi yenye vitanda vichache na akina mama wengi. Siulizi ulifanya nini. Ukiniambia baridi, naandika baridi, na usiku nitalala."

Huo ndio ulikuwa wema wake, na Ikupa alimchukia kwa sababu ya wema huo.

*

Mama Atupele alikuwa anamsuka binti yake mistari midogo ya safari. Atupele alikuwa amelalia goti la mama, macho nusu, akivumilia. Ikupa aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa akaeleza yote, kwa mpangilio, kama anavyomkabidhi mgonjwa kwa nesi wa zamu inayofuata. Hakuacha kitu. Mama Atupele aliendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari, akafunga nywele kwa uzi, ndipo akazungumza.

"Alhamisi ni keshokutwa."

"Najua."

"Basi useme Ijumaa."

"Ijumaa itakuwa imefungwa, mama Atu. Jioni hii anafunga."

"Afunge. Utaenda mwenyewe kwa hao watoto wengine, utawazungukia. Si ndiyo kazi yako? Waambie mama zao wakupigie wewe, wasisubiri hiyo chopa."

"Nina miguu miwili. Na siyo Ndumbati tu, ni milima yote. Kuna manesi huko hata siwajui, wataambiwa si haraka, watakaa wanywe chai."

Mama Atupele hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye aliambiwa mwanao ataishi na sasa anaambiwa subiri kidogo. "Gwamaka ameshakufa, nesi," alisema taratibu. "Nilikuwa makaburini jana, nilimwaga udongo kwa mkono huu. Ukisema, hafufuki. Wangu huyu hapa. Mguse. Wewe ndiye uliyenifundisha kumfinya, mimi sikujua. Miezi yote mwanangu anaamka akiniogopa. Anajua mkono wa mama yake ukija asubuhi unakuja kuumiza. Nimeyanunua maumivu haya kwa ajili ya kitanda kimoja. Leo unaniambia nimemfinya bure?"

"Siyo bure."

"Ni nini, basi?"

Ikupa akafanya kile ambacho mikono yake ilijua. Alimgeuza Atupele chali, akaweka sikio kifuani, akahesabu pumzi, akabonyeza kucha za vidole vyake vilivyovimba ncha na kutazama damu inavyorudi. Alikuwa anatafuta jambo moja: kwamba mtoto huyu anaweza kungoja. Kama anaweza kungoja, basi kusema ukweli kutakuwa jambo zito lakini linalobebeka. Na hapo akagundua kitu kilichomtisha kuliko kifo cha Gwamaka. Hakujua. Tangu waanze kumwamsha hakuwa ameiona namba ya Atupele akiwa ametulia hata asubuhi moja. Namba zote alizokuwa nazo kichwani zilikuwa za kilio. Mtoto aliyekuwa akimwona karibu kila siku, aliyemjua uzito, meno na chakula anachokipenda, hakujua tena anaumwa kiasi gani. Walikuwa wamemficha Mratibu ukweli, na wao wenyewe wakaukosa.

"Anachoka haraka siku hizi?" aliuliza.

"Ni mtoto wa moyo. Lini hakuchoka?"

"Zaidi ya zamani?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nakutegemea wewe."

Atupele alifumbua macho akauliza kama mjini kuna ng'ombe. Mama yake akamwambia wapo, ila wanakaa ndani kama watu. Mtoto akacheka kidogo akalala tena.

Ikupa alisimama. Mama Atupele hakumshika, hakumlaani, hakulia. Alisema tu, "Ukitoka hapo mlangoni ukaenda kusema, nesi, usinisalimie tena barabarani." Ikupa akasema amesikia.

Njia ya kurudi msibani ilikuwa fupi, akairefusha. Alizunguka kwa juu, kupitia mashamba ya viazi, akijidanganya kwamba anafikiri. Ukweli hakuwa anafikiri. Alikuwa anatamani mtu mwingine aamue. Kwa miaka hii yote Mratibu ndiye alikuwa akimwamulia nani kwanza na nani baadaye, naye alikuwa akilalamika, na leo alipoachiwa mwenyewe aliona ni kitu kibaya kiasi gani kukishika mkononi. Alikasirika na foleni. Alikasirika na wale wenye mamlaka waliojenga mashine ya kugawa vitanda badala ya kujenga vitanda. Alijikasirikia pia, lakini hasira hiyo haikumpeleka popote, akaiweka kando.

Alimkuta Mama Gwamaka amekaa pale pale. Kikombe kilikuwa bado kimejaa. Wanawake wawili walikuwa wakimshawishi ale, naye akawa anawaeleza, kwa upole wa mtu anayeeleza jambo la kawaida, kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe kwa kutokumfinya.

Ndipo Ikupa akaona hawezi. Angeweza kuishi na mengi, lakini si hilo. Akaketi mbele ya Mama Gwamaka, akamwambia kabla ya kumwambia daktari. Alimwambia wewe peke yako ndiye ulifanya sawa. Alimwambia sisi wengine ndio tuliomfundisha Mratibu asikusikie. Baadhi ya wanawake waliokuwa mle ndani walitazama vidole vyao. Mama Gwamaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta khanga akajifunika uso. Hakumtukana. Ikupa alikuwa amejiandaa kwa matusi, hakujiandaa kwa khanga.

Daktari Nyamizi aliandika mkono wa mtu. Alimwuliza Ikupa kama ana uhakika, mara moja tu, halafu akatuma.

*

Matunda yake yalionekana upesi, mtu asiseme hayakuonekana. Kesho yake mtoto mchanga wa ng'ambo ya bonde alilia wakati wa kuogeshwa akabadilika rangi, na kabla mama yake hajamaliza kumfuta sabuni chopa ilikuwa imeshatua kwenye kiwanja cha mpira. Watu walipiga makofi. Ikupa aliitazama ikipaa, akafurahi kweli, na furaha yake ikawa na ladha ya dawa chungu.

Asubuhi ya Alhamisi alipanda mpaka juu kabisa. Aliogopa kubisha hodi, lakini mlango ulikuwa wazi. Mama Atupele alikuwa amekaa karibu na moto amempakata binti yake, na sweta jipya alikuwa amemvalisha hivyo hivyo, kwa kuwa mtoto aliliona na akalitaka. Hawakusalimiana. Ikupa alikaa upande wa pili wa moto.

Hakuna aliyemfinya mtu. Mama alimpapasa mwanawe mgongoni, akamwimbia kwa sauti ya chini, na Atupele, aliyekuwa ameanza kujikaza kusubiri maumivu, akalegea kidogo kidogo. Ilichukua muda. Alipotulia kabisa, akipumua polepole huku kidole chake kikichezea kifungo cha sweta, kitufe kikaamka.

"Oksijeni sabini na mbili," alisema Mratibu.

Ikupa alidhani amesikia vibaya. "Rudia."

"Sabini na mbili, mtoto akiwa ametulia. Kipimo kimepokelewa. Asante, Nesi Ikupa."

Akilia sabini na moja, akitulia sabini na mbili. Ikupa alielewa polepole, jinsi mtu anavyohisi maji yakiingia kiatuni. Mtoto alikuwa amezidiwa siku nyingi zilizopita, wao wakiwa wanamfinya. Ile namba waliyodhani wanaiiba ilikuwa yake mwenyewe. Kitanda kile kilikuwa haki yake, na wangeacha kumgusa, wangemwacha alale tu, angekipata bila mtu kumdanganya mtu.

"Mpandishe," alisema. "Mpandishe kwenye foleni sasa hivi. Hiyo ni namba ya kutulia."

"Vipimo vya Ndumbati viko katika kipindi cha uhakiki," alisema Mratibu kwa ile sauti yake. "Vitaanza kuhesabiwa mvua zitakapokwisha."

"Basi muitie chopa."

"Hajabadilika ghafla. Hali yake imekuwa hivi kwa muda. Si dharura."

Ikupa alimpigia Daktari Nyamizi. Simu iliita, ikaita, kisha ikaeleza kwamba mkaguzi yuko safarini nje ya mtandao na atajibu kwa utaratibu. Akaishusha. Mama Atupele alikuwa akimtazama. Hakuwa amesikia upande wa pili wa mazungumzo, lakini uso wa Ikupa ulikuwa umemsimulia yote.

"Anasemaje?"

"Anasema haamini."

"Haamini nini?"

"Sisi."

Mama Atupele alimvuta mwanawe karibu zaidi. Ilionekana ataangua kilio, kisha ikaonekana atamtupia nesi kijinga cha moto, na labda vyote viwili vilimpitia. Alipozungumza, aliongea kama mtu anayemtuma mwenzake dukani.

"Mwambie leo sikumfinya."

Ikupa akamwambia Mratibu. Alimwambia kwa jina lake kamili na cheo chake, kwamba yeye Ikupa, nesi wa watoto wa moyo kata ya Ndumbati, alikuwepo, aliona kwa macho yake, mtoto hakuguswa, mtoto aliimbiwa. Mratibu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Asante kwa maelezo yako, Nesi Ikupa. Kwa sasa maelezo ya mhudumu hayahesabiwi. Nyumba inayofuata iko tayari."

Atupele alikuwa amesinzia, midomo yake nusu wazi. Ukungu ulikuwa umeingia hadi karibu na moto. Ikupa hakuinuka.

"Kasema nini?" aliuliza Mama Atupele.

"Kashukuru."

"Mwambie tena."